Nishati ya Gari Inakwenda Wapi? Ifuatilie Kutoka Tangi la Mafuta Hadi Dramu za Breki

Lori la tani 40 likikimbia kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo isiyofika megajouli 10 (jouli ni kipimo cha nishati, na megajouli ni jouli milioni moja). Lori hilohilo likiwa limeegeshwa juu ya mlima wenye mteremko wa kimo cha mita 400, injini imezimwa, dereva na utingo wake wanakunywa chai, lina megajouli 160 zinazosubiri kushuka. Watu huiogopa namba ya kwanza kwa sababu mwendo unaonekana, na askari wa usalama barabarani ana tochi ya kuupima. Ya pili haina tochi, na ndiyo inayochoma breki.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuzifikia namba hizo mwenyewe na kuzitumia. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa fizikia aliyechoka na mifano ya kigari cha kuchezea kwenye meza laini, na kwa dereva au mwenye gari anayetaka kujua dizeli yake inaishia wapi. Unahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Hesabu zote ni za kuzidisha na kugawanya.

Hatua ya 1: Orodhesha maghala

Nishati haizaliwi wala haifi barabarani. Inahama tu kutoka ghala moja kwenda jingine, kwa hiyo kazi yako ni ya mtunza daftari la duka: kilichotoka huku lazima kionekane kimeingia kule. Gari la kawaida lina maghala manne ya kuhangaikia:

- mafuta kwenye tangi, yaani nishati ya kikemikali;
- mwendo wa gari lenyewe;
- kimo, yaani gari kuwa juu zaidi ya mahali linapokwenda;
- joto: la injini, rejeta, moshi wa ekzosi, matairi, breki, na hewa iliyovurugwa nyuma ya gari.

Yapo madogo pia. Springi zikibonyea kwenye shimo zinatunza kidogo, kisha shokapu inakigeuza kuwa joto. Betri ya volti 12 ina chake. Honi na ngurumo ya injini vinachukua kiasi kidogo sana, ingawa masikio yanasema vingine. Katika hesabu za safari, yaache hayo.

Ghala la joto lina tabia yake: kuingia ni rahisi, kutoka ni vigumu. Joto likishatawanyika kwenye hewa ya barabarani, hakuna fundi atakayekurudishia lisukume gari. Kila safari, hata iwe nzuri namna gani, inaishia humo. Ukitoka Dar es Salaam ukarudi Dar es Salaam na kuegesha palepale, mwendo ni sifuri, kimo kilekile, na mafuta yote uliyotumia yamekuwa joto.

Hatua ya 2: Kusanya namba tatu

Uzito. Kwa gari dogo, angalia kadi ya gari uongeze abiria na mizigo. Kwa lori, tiketi ya mizani inakupa jibu bila ubishi, iwe umepita Vigwaza, Mikese au Mariakani. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari lenye ekseli za kutosha. Mimi nitatumia tani 40, yaani kilo 40,000, kwa sababu namba hiyo ni rahisi kuzidisha.

Kasi. Dashibodi inasema kilomita kwa saa, lakini fizikia inataka mita kwa sekunde. Gawanya kwa 3.6. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu mtihani, kwa hiyo badilisha kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

Kimo. Programu za ramani kwenye simu huonyesha kimo kutoka usawa wa bahari. Andika cha kileleni na cha bondeni, toa kidogo kwenye kikubwa. Simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, jambo lisilo na maana kwenye mlima wa mamia ya mita. Kwa kilima cha mita 10, usiitegemee.

Hatua ya 3: Pima ghala la mwendo

Nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Jibu ni jouli.

Gari dogo la kilo 1,200 kwenye kilomita 50 kwa saa: 600 × 13.9 × 13.9, kama jouli 116,000, au kilojouli 116. Lipeleke kilomita 100 kwa saa, upate kilojouli 463. Kasi imezidishwa mara mbili, nishati imezidishwa mara nne. Breki lazima zitoe mara nne, na kwa breki zilezile na lami ileile, gari linahitaji umbali mara nne kusimama, hata kabla ya kuhesabu muda wa dereva kushtuka.

Lori letu la tani 40 kwenye kilomita 80 kwa saa: 20,000 × 22.2 × 22.2, kama megajouli 9.9. Kwenye kilomita 60 ni megajouli 5.6. Kwenye kilomita 20, kasi ya kuvuka tuta, ni 0.6 tu. Zitunze namba hizi, tutazihitaji tukifika kwenye matuta.

Hatua ya 4: Pima ghala la kimo

Uzito kwa kilo, mara 10, mara kimo kwa mita. Ile 10 ni nguvu ya uvutano wa dunia kwa kila kilo. Vitabu vinasema 9.8, nami nasema kwa lori lililopimwa mizani, 10 inatosha.

Kilo 40,000 × 10 × mita 400 = jouli milioni 160, yaani megajouli 160. Linganisha na zile 9.9 za kilomita 80 kwa saa. Mlima una mara kumi na sita ya mwendo. Ukitaka kujua mlima wa mita ngapi ndio unaolingana na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, jibu ni kama mita 25, jengo la ghorofa nane hivi.

Ukipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi unaongeza kimo cha kama mita 1,700. Kwa tani 40 ni megajouli 680. Jiografia imetupendelea kwa mizigo inayoingia: kontena linapanda likiwa limejaa, na lori likirudi pwani tupu, tuseme tani 15, linashuka na megajouli 255 tu. Kwa shaba ya Zambia na Katanga mambo yamegeuka. Hiyo inatoka bara ikiwa imejaa, inapita Tunduma na Mbeya, inafika Iringa, kisha inateremka Kitonga kuelekea Mikumi na Dar es Salaam na uzito wake wote. Anayependa kulaumu madereva wa njia hiyo kwa kwenda polepole aanze na hesabu hii.

Hatua ya 5: Geuza jouli kuwa lita

Lita ya dizeli ina kama megajouli 36. Lita ya petroli ina kama 32. Lakini injini haipeleki zote kwenye magurudumu. Injini ya dizeli ya lori ikifanya kazi vizuri inatoa kama asilimia 40. Ya petroli ya gari dogo, tuseme 25. Kinachobaki kinatoka kwenye rejeta na ekzosi.

Utaratibu ni huu: chukua jouli za kazi, gawanya kwa 0.4 kwa dizeli au 0.25 kwa petroli, kisha gawanya kwa megajouli za lita moja.

Kupandisha lori letu mita 400: 160 ÷ 0.4 ÷ 36, kama lita 11, kwa ajili ya kimo peke yake. Kulitoa kwenye kusimama hadi kilomita 80 kwa saa: 9.9 ÷ 0.4 ÷ 36, kama lita 0.7.

Sasa turudi kwenye matuta. Lori linalopunguza kutoka 80 hadi 20, kisha kupanda tena hadi 80, limetupa megajouli 9.3 kwenye breki na kuzinunua upya kwa dizeli. Ni zaidi ya nusu lita kwa kila tuta. Kijiji chenye matuta kumi yaliyoachana vya kutosha kumfanya dereva arudie mwendo kila mara kinakula zaidi ya lita sita. Siandiki haya kupinga matuta, watoto wanavuka pale kwenda shule. Nawaandikia wale wanaokanyaga mafuta katikati ya tuta na tuta halafu wanashangaa tangi likipungua.

Dawa yake ni kuondoa mguu kwenye mafuta mapema. Kwenye barabara tambarare, lori letu likiachiwa mita 500 kabla ya tuta, karibu robo ya nishati ile inatumika kulisukuma kupita upepo na matairi, kazi ambayo ingelipiwa na dizeli. Robo hiyo haifiki kwenye breki kabisa.

Hatua ya 6: Weka upepo na matairi kwenye daftari

Gari likiwa kwenye tambarare kwa kasi isiyobadilika, ghala la mwendo halijazi wala halipungui, lakini mafuta yanaendelea kwisha. Yanalipa wawili: hewa inayosukumwa mbele, na matairi yanayobonyea na kurudi kila mzunguko.

Tairi za lori zenye upepo sahihi zinavuta nyuma kwa kama asilimia 0.7 ya uzito. Kwa tani 40 hiyo ni 40,000 × 10 × 0.007, yaani kani ya nyutoni 2,800 (nyutoni ni kipimo cha kani), na haibadiliki sana na kasi. Hewa ni tofauti: kani yake inakua kwa kasi mara kasi. Gari dogo likitoka kilomita 80 kwenda 110 kwa saa, kani ya hewa inaongezeka mara 1.9. Kwa makadirio ya gari la kilo 1,200, umbali wa kilomita 100 unakula kama lita 4.2 kwa mwendo wa 80, na kama lita 6.3 kwa mwendo wa 110. Kuna zaidi ya lita mbili zilizotumika kuvuruga hewa tu.

Huhitaji kuniamini. Pima mwenyewe, na tumia baiskeli, si gari. Kulijaribu gari kwa kuliachia barabarani ni kutafuta matatizo, na baiskeli inatoa somo lilelile.

1. Tafuta barabara tambarare, isiyo na magari, siku isiyo na upepo. Pima uzito wako pamoja na baiskeli. Tuseme kilo 90.
2. Funga simu kwenye usukani, na programu inayoonyesha kasi ikiwa imewashwa.
3. Piga pedali hadi upite kilomita 20 kwa saa, kisha acha kupiga. Kasi ikishuka hadi 20, mwenzako aweke alama mahali hapo. Ikifika 15, alama ya pili.
4. Pima umbali kati ya alama mbili. Rudia ukitokea upande wa pili, uchukue wastani, ili kama barabara ina mwinamo mdogo ujifute.
5. Kwenye 20 ulikuwa na jouli kama 1,390, kwenye 15 zimebaki 780. Zilizotoka ni kama 610. Nishati ni kani mara umbali, kwa hiyo gawanya kwa umbali. Kama ulikuwa mita 50, kani iliyokuwa inakuvuta nyuma ni kama nyutoni 12.

Kisha punguza upepo wa matairi kwa nusu na urudie. Umbali utapungua mbele ya macho yako. Huo ndio upungufu ambao dereva wa lori lenye tairi laini analipia kituoni bila kuuona, na anaulipia mara mbili, kwa sababu joto linalobaki ndani ya tairi hilo ndilo linalolipasua mchana wa jua kali.

Hatua ya 7: Funga hesabu ya mteremko

Hapa ndipo kila tulichohesabu kinapokutana. Chukua mteremko wa mfano: urefu kilomita 8, kimo mita 400, lori tani 40. Kileleni lina megajouli 160 za kimo. Chini litakuwa na sifuri, na dereva anataka kasi ibaki ileile. Kwa hiyo zote 160 lazima zigeuke joto mahali fulani kabla ya bondeni. Swali ni wapi, na kwa muda gani.

Matairi yanachukua nyutoni 2,800 kwa mita 8,000, yaani megajouli 22. Hewa inachukua kama 2 ukienda kilomita 30 kwa saa, na kama 8 ukienda 60. Zinabaki megajouli 130 na ushee, ambazo lazima zigawanywe kati ya injini na breki. Angalia vizuri: jumla hiyo karibu ni ileile, uende haraka au polepole. Kinachobadilika ni muda.

Kwa 30, mteremko unachukua dakika 16. Megajouli 136 kwa sekunde 960 ni kama kilowati 140, yaani kilojouli 140 kila sekunde. Kwa 60, unachukua dakika 8, na kiwango kinapanda hadi kama kilowati 270, ambazo ni zaidi ya nguvu za farasi 360. Injini kubwa ya lori inayosaga mlima kwa mafuta yote inatoa kiasi kama hicho. Breki zako zinaombwa ziwe injini hiyo kinyumenyume, kwa dakika nane mfululizo.

Breki zenyewe ni vipande vya chuma tu. Tuseme lori lina dramu 12 za chuma cha kusubu, kila moja kilo 45, jumla kilo 540. Kilo moja ya chuma hicho inahitaji kama jouli 460 kupanda nyuzi moja. Ukizimwagia megajouli 136 bila kuziacha zipoe, zinapanda zaidi ya nyuzi 500. Kwa kweli hewa inazipoza njiani, lakini polepole, na hiyo ndiyo tofauti kati ya dakika 16 na dakika 8. Kabla ya kufika kwenye joto hilo, sehemu inayosugua dramu imeshaanza kupoteza kushika. Dramu nayo imetanuka kwa joto na kujiondoa mbali, hivyo breki za upepo zinasukuma hadi mwisho wa safari yake na bado hazifiki. Dereva anakanyaga, pedali ipo, upepo upo kwenye mitungi, gari halisimami. Watu watasema breki zilikatika, wakati hakuna kitu kilichokatika. Ghala la joto lilijaa.

Hatua ya 8: Teremka kwa hesabu hiyo

Kwanza, chagua gia kabla ya kuanza kushuka. Kanuni ya wazee wa barabara, kwamba ushuke na gia uliyopandia, ni nzuri kama mwanzo. Kwa lori lililojaa kwenye mteremko mkali, nenda chini yake. Ukiwa kwenye gia nzito, injini inazungushwa na magurudumu, inakandamiza hewa na kusuguana ndani, na joto linatoka kwa rejeta na ekzosi, vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi ya kutoa joto mchana kutwa.

Kama lori lina breki ya injini, iwashe juu, usisubiri katikati. Kwenye injini kubwa za kisasa inaweza kumeza zaidi ya kilowati 200 injini ikizunguka kwa kasi, yaani kwa mwendo wa 30 inaweza kubeba mteremko wetu wote bila kugusa pedali. Kifaa hiki kilitokana na hofu halisi. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini yenye jina lake, alikuwa kwenye lori likishuka Cajon Pass huko California, breki zikashindwa, na likaponea chupuchupu kugonga treni kwenye makutano ya reli. Miaka mingi baadaye akabuni namna ya kuifanya injini ya dizeli ibane hewa kisha iiachie bila kurudisha nguvu, na kampuni ya Jacobs ikaanza kukiuza kifaa hicho mwaka 1961.

Pili, usiweke gia huru, au fri kama wanavyosema madereva. Kipande cha Salgaa hadi Sachangwan kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kimejipatia sifa mbaya kwa miaka mingi, na tabia hii imetajwa tena na tena miongoni mwa sababu za ajali zake. Wanaoifanya wanaamini wanaokoa dizeli. Kwenye injini zenye mfumo wa kielektroniki ni kinyume chake: ukiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, sindano hazinyunyizi kitu, wakati kwenye gia huru injini inahitaji mafuta ili isizime. Na gharama yake ni hii: lori letu likiachiwa bila gia wala breki kwenye kimo cha mita 50 tu kwa mwinamo ule, hata ukitoa upepo na matairi, linafika karibu kilomita 100 kwa saa. Kwa kasi hiyo gia nzito haiingii tena. Ulichokikataa kileleni hutakipata katikati.

Tatu, kanyaga na achia. Chagua kasi yako, tuseme 30. Ikifika 30, kanyaga kwa nguvu hadi ishuke kama kilomita 8 hivi, kisha ondoa mguu kabisa hadi ifike tena. Jumla ya joto ni karibu ileile kama ungeweka mguu juu ya pedali muda wote, na ndiyo maana wengine wanabisha njia hii haina faida. Faida ipo kwenye mgawanyo. Breki za ekseli tofauti hazijarekebishwa sawasawa kamwe. Ukikanyaga kidogo, mbili au tatu zinafanya kazi yote na kuungua huku nyingine zikiwa baridi. Ukikanyaga kwa nguvu, zote 12 zinashika.

Nne, ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi kwenye kioo cha pembeni, tafuta mahali pa kusimama wakati bado unaweza. Weka magogo au mawe kwenye matairi, subiri zipoe kwa hewa. Usimwagie maji, chuma cha kusubu chenye moto kinapasuka.

Hatua ya 9: Magari ya umeme yanaongeza ghala lenye mlango wa pande mbili

Tangi la dizeli haliwezi kujazwa na mteremko. Betri inaweza. Dereva akipunguza mwendo, mota inageuka kuwa jenereta, na sehemu ya mwendo au kimo inarudi kuwa nishati ya kikemikali badala ya kuwa joto. Uswisi kuna lori la umeme la machimbo linalopanda tupu na kushuka limebeba tani 65 za mawe, na kwa sababu ya mpangilio huo linarudisha umeme mwingi kuliko linaoutumia kupanda. Hilo si muujiza, nishati ya ziada imetoka kwenye kimo cha mawe yenyewe.

Basi la umeme la tani 10 likishuka mita 400 lina megajouli 40 za kimo. Yuniti moja ya umeme, ileile ya luku nyumbani, ni megajouli 3.6, kwa hiyo hizo ni kama yuniti 11. Ukiweka kwamba asilimia 60 zinarudi baada ya upepo, matairi na upotevu wa mota, unapata kama yuniti 7.

Lakini betri ikiwa imejaa kabisa kileleni, hakuna pa kuziweka. Mfumo unapunguza au unakataa kuzalisha, na basi linashuka kwa breki za kawaida peke yake, bila injini ya kusaidia kama ya dizeli. Dereva aliyezoea gari kujishika lenyewe anakuta limekuwa jepesi mguuni. Kwa hiyo kama kituo cha kuchajia kipo juu ya mlima, usijaze hadi mwisho. Kwa basi hilo, betri ya yuniti 100 iishie asilimia 93 au chini ya hapo, na kama mteremko una mita 800, isizidi 86.